Kadi ya grafiki kwenye kompyuta ya zamani: Nani anafaidika Nanyamba?

Na Mwandishi Wetu

FEDHA za korosho zinapoingia kwenye akaunti za wakulima, anayefurahi si mkulima peke yake. Katika Halmashauri ya Mji Nanyamba, mkoani Mtwara, mwenye steshenari, fundi cherehani, mwenye studio ya picha na mwenye banda la kuonyesha mpira wote huusubiri msimu huo ili walipe madeni na kuongeza mtaji. Ndio wakati pia ambapo wengi huamua kununua au kukarabati vitendea kazi, na kompyuta ni kimojawapo.

Ushauri mmoja husikika sana mitaani: usihangaike na kompyuta mpya, chukua hiyo hiyo ya zamani, ipachike kadi ya grafiki ya bei nafuu, nayo itakuwa kama mpya. Kwa mfanyabiashara mwenye mtaji mdogo maneno hayo ni matamu. Hata hivyo, ukiyachambua vizuri utaona kuwa ni ya kweli kwa wachache tu, na kwa wengine ni njia ya kupoteza fedha za msimu mzima.

Kwa nini suala hili limekuja sasa

Sababu ya kwanza ni kwamba biashara ya mazao yenyewe imehamia kwenye kompyuta. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara mwaka 2007, na kuanzia msimu wa 2024/2025 minada ya korosho iliingizwa katika mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Wakulima nao wamesajiliwa katika kanzidata ya Bodi ya Korosho Tanzania kwa ajili ya pembejeo. Matokeo yake, chama cha msingi ambacho zamani kiliendeshwa kwa daftari na kalamu sasa kinahitaji kompyuta inayofanya kazi, na mkulima asiye nayo hulazimika kwenda steshenari kuchapisha karatasi zake.

Sababu ya pili imetoka mbali. Oktoba 14, 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisitisha huduma ya kawaida ya marekebisho ya usalama kwa Windows 10, programu endeshi iliyotoka mwaka 2015. Watumiaji binafsi waliojiandikisha walipewa nyongeza ya mwaka mmoja, hadi Oktoba 2026. Mrithi wake, Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, haikubali rasmi kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2017 hivi, kwa kuwa inadai prosesa za kizazi kipya na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0.

Ieleweke mapema kwamba kadi ya grafiki haiondoi tatizo hilo. Haibadilishi prosesa wala haileti TPM. Mfanyabiashara anayenunua kadi akidhani sasa kompyuta yake itapokea Windows 11 atakuwa amenunua tairi jipya kwa ajili ya gari lililokufa injini.

Sababu ya tatu ni soko la dunia. Kati ya mwaka 2020 na 2022 kadi za grafiki zilipanda bei sana, kwa sababu ya janga la Uviko-19 na kwa sababu watu walizitumia kuchimba sarafu za mtandaoni. Septemba 2022 sarafu ya Ethereum ilibadili mfumo wake na kuacha kutegemea kadi hizo, hivyo kadi nyingi zilizotumika zikamwagwa sokoni. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2025 upepo uligeuka tena: mahitaji ya vituo vikubwa vya akili bandia yalipandisha bei za vifaa vya kumbukumbu duniani kote. Mnunuzi wa mwisho katika mlolongo huo ni yule anayepeleka oda Kariakoo akiwa Nanyamba.

Kadi hii ni kitu gani

Kila kompyuta ina sehemu inayotengeneza picha tunayoiona kwenye kioo. Katika kompyuta nyingi za ofisini kazi hiyo hufanywa na kipande kilichomo ndani ya prosesa yenyewe, nacho huazima sehemu ya kumbukumbu ya RAM ili kifanye kazi. Kadi ya grafiki ni ubao wa pembeni wenye prosesa yake na kumbukumbu yake, unaochomekwa kwenye madabodi na kuchukua jukumu hilo.

Tuseme mkulima mwenye trekta la kulimia analitumia hilo hilo kuvuta tela la mizigo. Akinunua gari la mizigo, trekta litapumzika na kurudi shambani. Lakini kama hana mzigo wa kubeba, gari hilo litakaa chini ya mwembe likila kutu. Ndivyo ilivyo kadi ya grafiki. Faida yake hutegemea kama una mzigo wa picha za kubeba.

Nani anaihitaji, nani haihitaji

Tuanze na mwenye steshenari. Kazi zake ni kuchapa barua, kudurufu, kuskani vyeti, kujaza fomu za mtandaoni na kuchapisha risiti. Kazi hizo hazina mzigo wa picha. Kompyuta yake ikiwa nzito, mara nyingi chanzo ni diski ya zamani inayozunguka, au RAM ndogo ya gigabaiti 2 hadi 4. Akiondoa diski hiyo na kuweka ya SSD, kisha akapandisha RAM hadi gigabaiti 8, ataona mabadiliko siku hiyo hiyo: mashine itawaka haraka na faili zitafunguka bila kumchosha mteja. Kwake, kadi ya grafiki haiongezi hata nakala moja ya fotokopi.

Karani wa chama cha msingi yuko katika kundi hilo hilo. Orodha za wakulima, uzito wa magunia na malipo ni namba na maandishi. Anachohitaji ni diski nzima, nakala ya akiba ya kumbukumbu zake na umeme usiokatika katikati ya kazi. Wahenga wa biashara walishasema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la leo likipotea ndani ya diski mbovu, hakuna kadi itakayolirudisha.

Mwenye studio ya picha za mnato anaweza kunufaika kidogo. Programu za kurekebisha picha hutumia kadi kwa baadhi ya kazi, lakini kwa sehemu kubwa huitegemea prosesa na RAM. Naye pia aanze na RAM na SSD.

Anayeihitaji hasa ni mpigaji video za harusi, unyago na mahafali, anayekata na kuunganisha picha za kamera za kisasa, kusahihisha rangi na kuweka maandishi. Programu kama DaVinci Resolve huegemea sana kadi ya grafiki, na bila kadi inayofaa kazi huwa ya kukwamakwama. Mwingine ni mwenye chumba cha michezo ya kompyuta cha vijana, na mchoraji wa ramani za nyumba anayetumia programu za michoro ya pande tatu.

Hapa pana mtego ambao wengi hawaujui. Si kila kadi ya bei nafuu inaharakisha kutoa video iliyokamilika. GeForce GT 1030 ya mwaka 2017, ambayo husifiwa kwa kula umeme mdogo wa wati 30, haina kabisa kipande cha kusimba video. Radeon RX 6400 ya mwaka 2022 nayo haina. Kwa upande mwingine, prosesa nyingi za Intel zilizotoka kuanzia mwaka 2011 zenye grafiki ya ndani zina kipande hicho tayari. Zaidi ya hapo, kompyuta nyingine huzima grafiki ya ndani zikiona kadi imechomekwa, mpaka fundi airudishe kwenye mipangilio ya BIOS. Hivyo inawezekana kabisa mpigaji video akanunua kadi na kujikuta anatoa video polepole kuliko mwanzo.

Hesabu kabla ya kutoa fedha

Tuchukue mfano wa hesabu, ambao si bei ya duka lolote. Mwenye studio anatumia shilingi 350,000 kununua kadi iliyotumika pamoja na UPS. Kadi hiyo inamwezesha kupokea kazi moja zaidi kila mwezi, yenye faida halisi ya shilingi 40,000 baada ya kulipa msaidizi na usafiri. Katika miezi mitano ya sherehe atapata shilingi 200,000 za ziada. Maana yake ni kwamba fedha zake zitarudi katika msimu wa pili, iwapo kadi haitaharibika na wateja watakuwepo.

Sasa ajiulize swali gumu: kinachomzuia kupokea kazi hiyo ya ziada ni kompyuta, au ni wateja wachache? Kama kompyuta inakaa bila kazi siku nne kwa wiki, tatizo lake haliko kwenye kadi. Mwaka ambao bei ya korosho inashuka, sherehe hupungua na deni la kadi hubaki pale pale.

Gharama ya umeme nayo ihesabiwe. Kadi ya wati 75 ikifanya kazi kwa nguvu zake zote saa 8 kwa siku hutumia uniti 0.6. Kwa siku 26 za kazi ni uniti 15.6. Zidisha idadi hiyo kwa bei unayolipa unaponunua LUKU. Kwa kawaida kadi haifanyi kazi kwa nguvu zote muda wote, hivyo matumizi halisi yatakuwa chini ya hapo, lakini ni vyema kuanza na hesabu ya juu.

Mambo manne ya kupima

Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa hapa nchini ni za mtumba, zilizotoka katika maofisi ya nje. Hizo zina masharti yake, na mnunuzi ayapime akiwa bado nyumbani, kabla ya kutuma fedha.

La kwanza ni umeme wa ndani. Pawasaplai za kompyuta za ofisini ni ndogo. Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, kwa mfano, ilikuja na pawasaplai ya wati 275 kwa kesi kubwa na wati 240 kwa kesi ndogo. Mara nyingi hakuna waya wa ziada wa kulisha kadi. Kwa hiyo tafuta kadi inayotosheka na umeme wa tundu la madabodi, ambao mwisho wake ni wati 75. GT 1030, Radeon RX 550 ya wati 50 na GTX 1050 Ti ya wati 75 zipo katika kundi hilo. Hata hivyo, matoleo mengine ya 1050 Ti huhitaji waya wa ziada, kwa hiyo angalia kadi yenyewe na si jina peke yake.

La pili ni ukubwa. Kesi ndogo, zile nyembamba zinazolala chini ya monita, hupokea kadi fupi tu, tena yenye bati fupi la nyuma. Chukua rula, pima, na piga picha ya ndani ya kesi umwonyeshe muuzaji.

La tatu ni monita. Vioo vingi vya zamani vina tundu la VGA, wakati GT 1030 na GTX 1050 Ti zina chipu isiyotoa mawimbi ya VGA. Utahitaji kigeuzi cha HDMI kwenda VGA, na gharama yake iingie kwenye hesabu. Aidha, kadi mpya zaidi si lazima ziwe bora kwa mashine ya zamani. RX 6400 hutumia njia nne tu za mawasiliano na hivyo hupungua nguvu kwenye madabodi za zamani, na Intel Arc A380 hudai kipengele cha madabodi ambacho kompyuta nyingi za umri huo hazina.

La nne ni uhai wa draiva, yaani programu inayoiendesha kadi. Kadi za GT 710 na GT 730 zenye chipu ya Kepler ziliachwa na NVIDIA katika draiva za kawaida mwaka 2021. Oktoba 2025 ilikuwa zamu ya kizazi cha GTX 1050 Ti na GT 1030, ambacho kampuni iliahidi kukipa marekebisho ya usalama pekee hadi Oktoba 2028. Kadi hazitazimika siku hiyo, lakini programu mpya za video zitaendelea kudai draiva mpya. Anayenunua leo ajue ananunua kifaa cha misimu michache.

Jina moja, mali mbili

Wapo wanaouza kadi halali yenye jina linalochanganya. GT 1030 ina matoleo mawili: la mwaka 2017 lenye kumbukumbu ya GDDR5 na la mwaka 2018 lenye DDR4. Jina kwenye boksi ni moja, lakini la pili lina kasi ya kumbukumbu ya takriban gigabaiti 17 kwa sekunde dhidi ya 48 za lile la kwanza. Ni sawa na korosho za daraja la pili kuuzwa kwa bei ya daraja la kwanza kwa kuwa gunia ni la rangi ile ile. Uliza aina ya kumbukumbu na iandikwe kwenye risiti.

Kibaya zaidi ni kadi bandia. Duniani kumezagaa kadi za mwaka 2010 na 2011, kama GTS 450 na GTX 550 Ti, zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitambulishe kuwa GTX 1050 Ti. Windows huonyesha jina la uongo na mnunuzi hugundua siku kazi inapokwama. Programu ya bure ya GPU-Z inaweza kuzitambua kadi za namna hiyo, na fundi makini huwa nayo kwenye flashi. Ishara nyingine ya kutia shaka ni kadi inayoitwa 1050 Ti ikiwa na tundu la VGA.

Wasomaji watakumbuka Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilipozima simu bandia nchini. Simu ilizimika kwa sababu namba yake ya utambulisho iko kwenye mtandao. Kadi ya grafiki haina mtandao wa kuifungia, kwa hiyo kinga ya kwanza ni mnunuzi mwenyewe. Tume ya Ushindani (FCC) ndiyo yenye jukumu la kupambana na bidhaa bandia, lakini malalamiko bila risiti ni vigumu kuyafuatilia. Dai risiti ya EFD yenye jina kamili la kifaa, na kubaliana kwa maandishi kuhusu muda wa kurudisha. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500, na nauli ya kwenda kugombana na muuzaji inaweza kula thamani ya kadi yenyewe.

Kama inawezekana, mwombe ndugu au rafiki aliyeko Dar es Salaam aijaribu kadi dukani kwa nusu saa, video ikiwa inachezwa na feni inazunguka, ndipo fedha zilipwe.

Salfa, chumvi na umeme

Kusini kuna maadui wa kompyuta ambao vitabu vya ufundi vya Ulaya havivitaji sana. Wa kwanza ni salfa. Wakulima wa korosho huipulizia dhidi ya ubwiriunga, na vumbi lake husafiri. Salfa hushambulia shaba na madini ya fedha, ambayo ndiyo yaliyomo kwenye viunganishi vya kompyuta. Duka linalouza pembejeo upande mmoja na kufanya kazi za kompyuta upande mwingine liweke ukuta katikati, na mifuko ya salfa isihifadhiwe chumba kimoja na mashine. Kadi ya grafiki huongeza feni, na feni huvuta vumbi. Ifunguliwe na kupulizwa mara kwa mara, hasa kipindi cha kupulizia mikorosho.

Wa pili ni hewa ya chumvi kwa walio karibu na bahari na mdomo wa Mto Ruvuma, ambayo huleta kutu. Wa tatu ni umeme unaopanda na kushuka. Pawasaplai ndogo iliyokwishazeeka, ikiongezewa mzigo wa kadi, huvumilia kidogo zaidi mshtuko wa umeme. Ndiyo maana katika mfano wetu UPS imehesabiwa pamoja na kadi.

Mkulima aulize nini

Mkulima asiye na kompyuta asidhani suala hili halimhusu. Matumizi ya chama cha msingi hutokana na makato ya kila kilo anayopeleka ghalani. Makisio ya mapato na matumizi hupitishwa na mkutano mkuu wa wanachama, kwa mujibu wa Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013. Bodi ikileta ombi la kununua kompyuta au kukarabati iliyopo, mwanachama ana haki ya kuuliza: kazi gani inashindikana sasa? Fundi amepima nini? Je, SSD na RAM zimejaribiwa kwanza? Kwa nini ofisi ya kuandika uzito wa korosho inahitaji kadi ya kuchezea michezo?

Na kama mashine imeshindwa kabisa kupokea Windows 11, zipo njia mbili za kupima. Moja ni kuihamishia kwenye programu endeshi ya Linux, ambayo ni ya bure na hufaa kwa kazi za intaneti na maandishi, mradi printa na mifumo inayotumika vijaribiwe kwanza. Nyingine ni kununua kompyuta ya mtumba ya kizazi kinachokubalika. Kwa mtu anayetaka kutumia fedha nyingi kukarabati mashine ya mwaka 2012, njia hii ya pili mara nyingi ndiyo nafuu.

Kwa hiyo utaratibu unaofaa ni huu: anza na SSD, fuata na RAM ukihakikisha kama mashine yako ni ya DDR3 au DDR4 kwa kuwa haziingiliani, kisha UPS. Kadi ya grafiki ije mwisho, na ije tu kama una kazi ya video au michoro iliyokwisha kuonekana katika daftari lako la mauzo. Kama daftari halionyeshi kazi hiyo, fedha hizo zina matumizi mengine: karatasi na wino wa msimu ujao, ada ya mtoto, au mbegu za ufuta kabla mvua hazijaanza.